Kiambaza cha moto kwenye gari la injini ya katikati: uzibe chote, utie mlango, au uache kidirisha?

Kwenye gari letu, kati ya kisogo cha dereva na manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi wa moto kwenye injini) pana bati moja tu. Injini ni 4A-FE ya Corolla ya miaka ya tisini, cc 1,587. Tuliitoa na gia boksi yake tukaipachika nyuma ya viti viwili, mbele ya magurudumu ya nyuma, ndani ya fremu ya mabomba iliyochomelewa hapa Malindi, mtaa wa Maweni. Bati hilo mafundi wanaliita faya-wol. Mimi nitaliita kiambaza, maana kazi yake ni ile ile ya kiambaza cha nyumba: huku watu wamelala, kule jiko linawaka.

Nimeshakitengeneza mara tatu. Mara ya kwanza tulikiziba chote, mara ya pili tukakitia mlango, mara ya tatu tukaacha kidirisha. Ulinganisho huu nimeulipia kwa riveti zaidi ya mia na kichwa kuniuma wiki mbili. (Msemo wa ufa na ukuta nauacha, najua msomaji keshaufikiria.)

Kiambaza kinataka nini, spana inataka nini

Kiambaza kinataka kusiwe na tundu. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Malindi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unateremka na kutulia chini. Mshono wa kuhangaikia ni ule wa sakafuni usioonekana, kuliko wa juu ambao kila mgeni anakuja kuusifu. Halafu kuna hewa ya ekzosi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Harufu unayoisikia ni ya moshi unaosafiri nayo, na ukishaizoea huisikii tena. Gari likishika kasi madirisha yakiwa wazi, shinikizo la hewa ndani hushuka, na chumba kinaanza kuvuta pumzi kupitia kila mwanya kinaoupata. Joto na kelele ni mateso pia, lakini hayo hayaui.

Spana nayo inataka njia. Kwenye Corolla manifoldi ya injini hii inatazama rejeta, ikipigwa na upepo. Ukiibeba injini nzima nyuma bila kuigeuza, manifoldi ile ile sasa inatazama mgongo wako. Mikanda, ile ya taiming na ile ya alteneta, iko upande wa kulia wa gari, na hapa Kenya kulia ndiko anakokaa dereva. Kwenye fremu yetu, kati ya puli (magurudumu yanayozungusha mikanda) na bomba la fremu pana nafasi ya vidole vinne. Basi kila chenye mkanda kinafikiwa kwa njia mbili: ndani ya tairi la nyuma la kulia, ambako mkono unaingia lakini jicho haliingii, au kupitia nyuma ya kiti cha dereva, yaani kupitia kiambaza chenyewe.

Pima kwanza kwenye gari lako. Kama injini imewekwa kwa urefu, mikanda yote inatazama kiambaza moja kwa moja, na mambo ni magumu zaidi ya haya yangu.

Kuziba chote

Bati moja, riveti kila sentimita 4, silikoni chini ya ukingo wote. Kiambaza chetu ni mita 1.2 kwa sentimita 90, hivyo riveti zikafika 104. Kwa usalama hakuna njia inayoishinda hii. Hakuna raba ya kuchoka, hakuna bolti ya kulegea, na bati lililoshikwa kila upande linaikaza hata fremu.

Inafaa kwa sharti moja: injini ifikiwe vyema kutoka juu na kutoka nyuma. Gari za Lancia Stratos zilizoshika nafasi ya pili na ya tatu kwenye Safari Rally ya 1975 zilikuwa na injini mgongoni mwa dereva, lakini bodi yote ya nyuma ilifunguka kama kifuniko cha sanduku. Ukijenga hivyo, ziba kiambaza na uishi kwa amani. Njia nyingine ni kutengeneza fremu ndogo ya chini inayoshuka na injini yake kwa bolti nne au sita. Kazi kubwa ukitaka mkanda hapo itakuwa kuiteremsha injini, ila angalau unajua mapema.

Sisi hatukuwa na kifuniko kama hicho. Mabomba ya kulinda kichwa yanapita juu ya injini, na bodi imefungwa juu yake. Mkanda wa alteneta ulikatika jioni moja tukitoka Mambrui, kabla ya kufika daraja la Sabaki. Kwenye gereji ni kazi ya dakika 20. Sisi tulivutwa hadi Malindi, na kesho yake fundi akatoboa riveti 38 kwa drili ili apate kukunja kona ya bati. Ami huyo, ambaye ameshika spana tangu mimi sijazaliwa, aliniuliza bila kuinua kichwa:

“Mwanangu, ulipoziba hapa, ulidhani saa mbili usiku pale Sabaki atakufungulia nani?”

Sikuwa na jibu. Riveti tulizorudisha hazikukaa kama za kwanza, kwa sababu matundu yalikwisha kupanuka. Hiyo ndiyo kasoro halisi ya njia hii: ikifunguliwa mara moja, ubora wake wote umeondoka.

Mlango wa bawaba

Ukiudhika hivyo unaruka upande wa pili. Tulikata mlango wa sentimita 60 kwa 50, bawaba chini, komeo mbili za kuvuta juu, raba kuzunguka ukingo. Unasukuma kiti mbele, unafungua kwa vidole, unaona kila kitu. Wageni walipenda sana.

Yeyote aliyewahi kukaa kiti cha mbele cha matatu ya HiAce kutoka Malindi hadi Mombasa anaujua mlango huu. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, na unainua kiti kuifikia. Gari jipya, ukingo wa kifuniko una raba nzuri na komeo zinabana. Baada ya miaka ya kufunguliwa kila siku kutazama maji na oili, raba imechanika, komeo moja imepotea, na miguu ya abiria inaiva taratibu. Kiwanda hakikukosea, kitu kinachofungwa kwa haraka mara mia kinafungwa vibaya mara kumi.

Ugonjwa wa mlango uko kwenye mbano. Komeo mbili zinabana sehemu mbili tu. Kona za mbali na komeo, na upande wa bawaba, raba inaguswa tu. Bati jembamba linapopata joto linajikunja, na mwanya unafunguka gari likiwa barabarani ambako huuoni. Sisi tulianza kusikia harufu tukipita kilomita 60 kwa saa. Mimi kichwa kikawa kinaniuma kila nikirudi kutoka Gede, nikalaumu jua. Mwenzangu ndiye aliyeona kwamba kikiniuma ni siku ninazoendesha.

Ukiutaka mlango hata hivyo, tengeneza bati lake kwa chuma chenye ukingo uliokunjwa ili lisipinde, weka komeo kila upande bila kusahau upande wa bawaba, na funga king'ora cha kaboni monoksaidi cha betri, vile vya nyumbani, nyuma ya kiti. King'ora hicho ningekifunga hata kwenye kiambaza kilichozibwa chote. Kwenye mlango nakihesabu kuwa sehemu ya mlango.

Bati zima la bolti, na kidirisha

Hizi ni ndugu wawili. Ya kwanza: kiambaza chote ni bati moja linalofunguka kwa bolti kwenye fremu. Magari mengi ya mashindano ya kienyeji yanajengwa hivyo, kwa kuwa ni rahisi kukata na injini yote inaonekana. Lakini bolti zinakuwa 50 na zaidi, na hapo tabia ya binadamu inaingia. Mara ya tatu ya kufungua, bolti 6 zimebaki kwenye kikombe cha chai. Mara ya sita anayefunga anaruka moja moja. Mshono wote wa mita 4 na ushee unategemea uvumilivu wa mtu aliyechoka.

Kidirisha ndicho tulichobaki nacho. Kiambaza kimefungwa kwa riveti moja kwa moja, isipokuwa kona ya kulia nyuma ya kiti cha dereva, ambapo pana nafasi ya sentimita 30 kwa 40 inayotazama mikanda. Nyuma ya nafasi hiyo, upande wa injini, kuna fremu ya bati la chuma la milimita 3, na nati zimechomelewa juu yake. Kifuniko kinaipita nafasi kwa sentimita 2 na nusu kila upande, na kinafungwa kutoka chumbani kwa bolti 18 za M6, zote spana ya 10. Nimeshika saa: kufungua dakika 6, kufunga dakika 9. Mshono unaotegemea mikono yangu umeshuka hadi mita 1 na sentimita 40. Uliobaki hauguswi na mtu.

Usidanganyike na zile nati za riveti zinazobanwa ndani ya bati. Siku zinapokaa ni tamu. Siku moja ikianza kuzunguka pamoja na bolti, huwezi kufungua wala kufunga, na kwa hewa yetu ya chumvi siku hiyo haichelewi. Nati za kuchomelea, zile za kofia zilizozibwa nyuma, zinamaliza maneno, na petroli haipati njia ya kupita kwenye hesi, ile mizunguko ya bolti.

Skrubu za robo mzunguko ni nzuri kwa macho na kwa haraka, na kwenye bodi ya nje nazitumia. Kwenye kiambaza zinabana kidogo kuliko bolti na hazikupi namna ya kuongeza mbano raba ikichoka. Kama unafungua kila wiki kwenye mashindano, nitakuelewa. Kwa gari la kwenda Watamu na kurudi, bolti.

Bati gani

Alumini ya milimita 1.5 kwa kiambaza kama chetu ina uzito wa kilo 4 na nusu hivi. Chuma cha milimita 1 ni kilo 8 na nusu. Stenlesi ya milimita 0.9 inakaribia kilo 8. Kwa mizani alumini imeshinda. Kwa moto imeshindwa: inayeyuka kwenye nyuzi 660 na inalegea mapema zaidi ya hapo, na manifoldi ya injini inayokimbizwa inazipita nyuzi 600. Chuma kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,400 kuyeyuka. Tena alumini inapitisha joto zaidi ya mara kumi ya stenlesi.

Chumvi nayo ina neno lake. Hapa upepo wa kaskazi unaleta ukungu wa bahari mpaka ndani ya gereji. Bolti ya stenlesi kwenye bati la alumini, ikipata unyevu wa chumvi, inaifanya alumini iliwe kuzunguka tundu hadi inatoka unga mweupe. Paka grisi nzito kwenye hesi na weka washa ya nailoni pale pasipo na joto, au usichanganye metali kabisa. Sisi tumeishia kwenye chuma kilichopakwa praima na rangi ya joto kwa kiambaza, na stenlesi kwa kifuniko cha kidirisha, kwa kuwa ndicho kinachokwaruzwa na spana rangi ikabanduka. Kilo 4 zilizoongezeka sijaziona zikinichelewesha.

Faibaglasi ya kawaida na mbao za plaiwudi nimeziona zikitumika. Hapana. Na lile gasketi la zamani la asbesto lililolala nyuma ya rafu ya gereji, liache lilale. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Cha kuzibia

Mafundi wa majahazi wanakalafati mshono kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kwa sababu wanajua mbao zitatanuka na kunywea. Bati nalo ni hivyo. Alumini ya mita 1.2 ikipanda nyuzi 60 inarefuka karibu milimita 1.7, chuma, nusu ya hapo. Ukiziba kwa kitu kigumu kama filla ya bodi, kitapasuka msimu wa kwanza. Povu la kujaza nafasi lile la kopo linaziba vizuri na linawaka vizuri zaidi.

Kwa mshono wa kudumu, silikoni ya joto kali. Inuse kabla ya kununua, kama unaweza: inayonuka siki inapokauka inakula chuma, chukua isiyo na harufu hiyo. Kama injini yako ina sensa ya oksijeni, iwe ile iliyoandikwa kuwa haiharibu sensa.

Kwa kidirisha, raba ya sponji ya kubandika. Hapa uchaguzi ni wa kuumiza kichwa kidogo. Raba nyeusi ya EPDM, ile ya milango ya magari, inavumilia jua na chumvi kwa miaka, lakini ikipita nyuzi 130 inakauka, na ikilowa petroli au oili inavimba. Sponji ya silikoni inavumilia nyuzi 200 na zaidi, ila nayo haipendi petroli. Raba ya naitraili inaipenda petroli lakini jua na hewa vinaipasua. Hakuna iliyo na yote, hivyo tazama adui wa mahali pale: nyuma ya manifoldi ni joto, tukachukua silikoni. Upande wa gari ulio mbali na ekzosi, EPDM inatosha na unaipata duka lolote la spea.

Unene wetu ni milimita 6, na unabanwa hadi 4. Theluthi moja ya kubana ndiyo inayoziba. Ukikaza mpaka raba ikalala kabisa, haitarudi utakapofungua tena. Tulikata vipande vya bomba vya urefu wa milimita 4 na kuvitia kwenye kila bolti kati ya kifuniko na fremu, sasa hata mwenye mkono mzito hawezi kuzidisha. Nafasi kati ya bolti isizidi sentimita 8, la sivyo bati linapinda katikati na raba inapata pumzi. Kati ya mambo yote niliyoandika hapa, vile vipande vya bomba ndivyo vilivyobadilisha gari, na bei yake ni bure.

Matundu ya kupitishia

Nyaya, kebo ya klachi, kebo ya gia, bomba za maji ya rejeta. Kila kimoja tundu lake na raba yake. Kuvipitisha vyote kwenye tundu moja kubwa halafu kusokota kitambaa ni kuharibu kazi yote. Nyaya ni bora zipite kwa plagi ya kufunga kwa hesi. Bomba la petroli lisipite chumbani hata sentimita moja, lizunguke chini ya sakafu.

Ngao ya joto, haraka: bati la alumini linalong'aa, likisimama mbali na kiambaza kwa milimita 10 hadi 15, hewa ikipita nyuma yake. Ukilibandika moja kwa moja juu ya kiambaza umeongeza uzito tu.

Kupima

Usiku, taa kali upande wa injini, mtu chumbani gizani. Kila nyota anayoiona ni mwanya. Kisha, na hili lifanyike kabla tangi la petroli halijapachikwa garini na injini ikiwa baridi, tunaweka chetezo cha udi nyuma ya injini na feni ya nyumbani ikipuliza kuelekea kiambaza, madirisha yamefungwa. Taa inapita mwanya ulionyooka tu; moshi unapita hata uliopinda. Kwenye ule mlango wetu wa bawaba, taa haikuonyesha kitu, lakini gari lilinuka harusi kwa siku tatu.

Ningekushauri nini

Ukiwa na kifuniko cha nyuma kinachofunguka chote, ziba. Ukifungua injini kila mwisho wa wiki mashindanoni, na gari haliingii safari ndefu, bati zima la bolti litakufaa kama kuna mtu wa kuzihesabu. Mlango, sahau, ila kama una komeo pande zote nne na king'ora. Kwa gari la kuendeshwa mjini na kwenye vumbi la njia ya Marafa, kidirisha, na kikatwe mahali penye kitu kinachokatika, hata kama mahali pengine ni rahisi kukata. Chora puli kwenye karatasi, itoboe, iweke nyuma ya kiti, ingiza mkono wenye spana. Ukishindwa kuzungusha, sogeza karatasi, usikate bati.

Chini ya kiti changu kuna mfuko: spana mbili za 10, bolti 4 za akiba, mkanda wa alteneta, na mita 1 na nusu ya sponji ya silikoni iliyokunjwa. Juzi Ami aliufungua akautazama, akatoa spana moja akaitia mfukoni kwake, akasema moja inanitosha.